Ijumaa ya Bibi Sham'a

Jina lake huanza midomoni kama la mtu yeyote,
kisha linashuka,
linafika chini pale koo linapobana
kama mikono inayokamua shuka,
ndipo linatoka: Sham'a.
Wajukuu humwita Shama.
Hawashuki. Wanaruka kidimbwi.

Mji wenyewe, Rosh Haayin, uliitwa kwa chemchemi,
na chemchemi huanza na herufi hiyo hiyo ya koo.
Madereva husema Roshayin,
neno moja, upesi, mlango ushafungwa.

Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na mbili,
darasa la usiku, chuchu ya chupa ya mtoto mfukoni.
Hajawahi kukosea tahajia. Hata mara moja.
"Nitakoseaje? Naisikia."
Mkwewe Ofira, mwalimu mwenye shahada mbili,
huandika orodha ya sokoni, akasita, kalamu hewani:
hii ni ile isiyosema kitu,
au ni ile nyingine isiyosema kitu?

Zamani nuru ilikuwa nuru
na ngozi ilikuwa ngozi,
kati yao kulikuwa na koo.
Zamani "wewe" halikuwa "sasa".
Leo msichana akimwita kijana "wewe"
kwenye ngazi za posta,
ile "sasa" ya kale, iliyobaki vitabuni tu,
inageuza shingo ikidhani imeitwa.

Sokoni Sham'a anauza uwatu uliopondwa, na pilipili ya kijani.
Askari mmoja, ndevu hazijamjaa, anainua chupa:
"Shekeli kumi?"
Kumi yake ina kosa la ngeli,
kama mtu asemaye kiti yangu,
na Sham'a anamsahihisha kwanza, chenji baadaye.
"Bibi, siku hizi kila mtu anasema hivyo."
"Siku hizi kila mtu ana gesi tumboni pia."

Lakini yeye naye.
Alipokuja, mtoto wa miaka saba, wakati mji ni mahema,
alikuja na "j" mahali ambapo wengine walikuwa na "g".
Walimcheka kwenye foleni ya maji.
Akaiacha pale pale, kando ya ndoo.
Hajarudi kuitafuta.

Leo mchana amepiga simu zahanati, kwa ajili ya goti.
Mashine inasema: Tafadhali taja jina lako.
"Sham'a."
Sikukuelewa. Tafadhali taja jina lako.
"Sham'a," polepole, kama anamlisha mgonjwa uji.
Sikukuelewa.
Akatazama dirishani. Akatazama mlango.
"Shama."
Asante, Shama.
Akaweka simu chini, akafuta midomo kwa kitambaa
ingawa hakuwa amekula kitu.

Mlangoni alikuwepo Evyatar, mjukuu, miaka kumi na miwili,
ametoka kwa mori anayemfundisha kusoma Torati,
yule mzee apigaye meza kofi moja kwa kila herufi ya koo.
"Bibi, umelisahau jina lako?"
"Nimelikopesha," akasema. "Niletee kiberiti."

Mimi niandikaye haya sina haki ya kucheka.
Katika lugha hii yangu tunasema saa,
tunasema maana, taabu, Ijumaa,
na hakuna anayekumbuka aliyekuwa ameketi
kati ya zile a mbili.
Alinyanyuka lini? Hakuaga.
Tuliviacha viti vyake viwili, tukaendelea na mazungumzo.

Na jina lake, ukitaka kujua, ni mshumaa.

Anawasha miwili, kabla jua halijaondoka.
Anafunika macho. Anasema baraka
kwa sauti ndogo, koo zima likifanya kazi,
na jikoni Evyatar anajaribu peke yake,
Sham, Sham, anakwama,
anakohoa, anakunywa maji,
anajaribu tena.